Magoti ya Omrani

Kwa miaka zaidi ya ishirini Tibra hakumwombea Omrani kifo. Kifo ni kitu rahisi, kila mtu anakipata bila kuombewa. Alimwombea aishi. Aishi, anenepe, azoee kukaa mahali pa juu penye mto, halafu siku moja, gilasi ya chai ikiwa mkononi na wanaume wenzake wamemzunguka, mtu amuulize habari ya magoti yake.

Kisa chenyewe ni wimbo. Mistari miwili tu, lakini mistari miwili ikipata jiwe la kusagia inakula ukoo mzima.

Kule Bir Safra, kwenye tambarare iliyo nyuma ya Tripoli, harusi haianzi na hina. Inaanza na shayiri. Wanawake wanakusanyika uani kwa mwenye harusi, kila wawili na jiwe lao, wanasaga na kuimba. Wanaume wanakaa nje ya ukuta, wanakunywa chai na kujifanya hawasikii. Na sheria ya jiwe inajulikana: linaloimbwa pale halipelekwi kwa sheikh wala kwa kadhi, na mwanamke hapigwi kwa ajili yake. Aliyeimbiwa akitaka kujibu, ajibu kwa wimbo. Akinyamaza, amekubali. Kwa hiyo yote ambayo watu wa Bir Safra wanaogopa kuambiana mwaka mzima huwa yanangoja harusi.

Wimbo huu aliutunga mama yake Omrani, bibi mmoja aliyekuwa akitembea kama mwenye mji:

*Shtewi kashika mlango, alilia kama mwana;*
*wakampiga mgongo, akashuka akiguna.*

Shtewi alikuwa kaka yake Tibra, wa tumbo moja. Udongo wa kaburi lake ulikuwa haujakauka. Siku hiyo Tibra alikuwa kwenye jiwe, na aliyeshika mpini pamoja naye alikuwa mama yao. Mama akasimamisha mkono. Akafungua mdomo ajibu, kikatoka kikohozi. Wanawake wakangoja, maana ni adabu kungoja, halafu mmoja akaurudia ule wimbo, na wa pili, na jua lilipotua watoto walikuwa wanauimba kisimani. Tangu siku ile mama hakukanyaga tena harusi ya mtu. Alipokufa, waliokuja kumlilia walikuwa ndio walewale walioimba, wakala na ugali wa shayiri wa matanga, wakasifu mchuzi.

Mambo yalianza na Wataliani. Walichukua shamba la baba yake Tibra lenye mizeituni, wakang'oa nusu, wakapanda mizabibu, wakamleta mwenzao kutoka kwao ng'ambo alale hapo na mkewe na nguruwe wake. Shtewi, ambaye angerithi shamba lile, akaenda kuwa askari wao, kwa sababu unga ulikuwa kwao. Hiyo ndiyo akili ya Mtaliani: anakunyang'anya mkate, halafu anakupa kazi ya kuulinda.

Halafu ikaja ile ya mbinguni. Walitaka askari wa kuruka kutoka kwenye ndege na mwavuli mgongoni. Kwao wenyewe kikosi cha namna hiyo kilikuwa bado hakijaundwa. Walitaka kuona kwanza kama mwavuli unafunguka, na kwa kuona hivyo mtoto wa Kiarabu anatosha. Si haba, maofisa wao wachache waliruka pamoja nao, hilo lisemwe. Lakini waliojaza ndege walikuwa watoto wa watu wa huku, walioahidiwa nyama mara mbili kwa wiki na kuitwa vipanga. Kipanga hasukumwi kutoka kwenye kiota na mtu mwenye filimbi, ila nani angewaambia.

Kutoka Bir Safra walichaguliwa wawili, Shtewi na Omrani. Walikuwa wamekua pamoja, wamechunga mbuzi pamoja, wamepigwa na mwalimu mmoja wa Kurani. Shtewi alikuwa mtu wa maneno machache. Omrani alikuwa wa maneno mengine yote.

Baada ya miezi michache Shtewi alipewa ruhusa, akaja nyumbani. Aliingia akitembea kama mzee, viganja vimechunika, na alipokaa hakuweza kukunja miguu.

"Umeanguka punda?" mama akauliza.

"Nimeanguka ndege, mama."

Mama akampandisha suruali, akakuta magoti mekundu kama komamanga lililopasuka. Akaleta mafuta ya zeituni, akaanza kumpaka huku anawalaani Wataliani, baba zao, na aliyewauzia baba zao kitanda.

"Inakuwaje, magoti yote mawili?" Tibra akauliza.

"Kamba imefungwa kiunoni, huku nyuma," Shtewi akasema. "Ukishuka unaning'inia kama paka aliyebebwa na mama yake. Uso chini. Huwezi kugeuka, huwezi kuvuta kitu. Ardhi ikija unaipokea kwa mikono na magoti, kama mtoto anayetambaa."

"Wote?"

"Wote. Wanatufunga vitambaa vizito magotini, lakini mawe hayajali vitambaa. Hata ofisa wetu mwenye masharubu. Tena yeye alitua kwa masharubu."

Tibra akacheka mpaka mama akamfinya. "Na Omrani je? Naye anatambaa?"

Shtewi akachukua tende, akaitafuna taratibu, akatema kokwa kiganjani.

"Omrani hajambo," akasema. "Anakula vizuri."

Ndilo neno pekee alilowahi kusema juu ya mwenzake. Tibra alilikumbuka baadaye, akalipindua huku na huku kama mtu anayetafuta upindo wa nguo.

Shtewi akarudi, akaruka tena, na tena. Siku ya mwisho ilikuwa siku ya maonyesho. Wakubwa wa Wataliani walikuwa wameletewa viti na kivuli, na gibli ilikuwa imeamka tangu asubuhi, ule upepo wa jangwani unaomfanya hata ngamia ageuze mgongo. Mtu mwenye akili angesema leo hapana. Lakini wakubwa walikuwa wameshakaa. Mwavuli wa Shtewi ulitoka umejisokota kama shuka inayokamuliwa, na haukujisokotoa. Wakamzika kando ya kiwanja cha ndege pamoja na wengine wa siku hiyo, wakapiga tarumbeta. Mama akaletewa bendera ndogo. Akasugulia masufuria mpaka ikaisha.

Omrani alirudi kijijini kwa ruhusa muda mfupi baadaye, amenenepa. Akaja kutoa pole, akakaa barazani na wanaume, Tibra yuko nyuma ya mlango anasikia.

"Mungu amrehemu," Omrani akasema. "Mimi sitaki kusema mabaya ya maiti."

Anayeanza hivyo ameshaanza.

"Sema tu, mwanangu," wazee wakamwambia. "Tujue alikufaje."

"Alishika mlango wa ndege. Akalia. Akamwita mama yake. Ilibidi wamsukume kwa buti, ndiyo maana kamba zikamsokota. Nilimwambia, Shtewi, ndugu yangu, jikaze. Wapi."

"Na wewe?"

"Mimi? Mimi nilitua kwa miguu yangu miwili, nimesimama wima. Hata kofia haikuanguka."

Pale nyuma ya mlango Tibra alijua. Kwa miguu miwili. Mtu aliyefungwa kiunoni kama paka, uso chini, atue amesimama wima na kofia. Huyu hakuruka. Huyu hakuruka hata kutoka kitandani. Amemvua marehemu nguo zake akazivaa yeye, na zile alizovua yeye akamvisha marehemu.

Akamwambia mama. Mama akasema, "Nani atakusikiliza?" Akaingia ndani akalala.

Mwaka uliofuata Tibra akaolewa na Masudi, mchota maji wa mashamba, mtu mwema aliyekuwa akiogopa kila kitu kasoro ng'ombe wake. Siku moja akamweleza.

"Omrani mwongo. Hakuruka kamwe."

"Umejuaje?"

"Aliyeruka ana makovu magotini. Yeye hana."

Masudi akaweka chini bakuli la maziwa.

"Mke wangu," akasema, "umeyaona wapi magoti ya mwanamume wa watu?"

Na hapo ndipo Tibra alipokwama kwa zaidi ya miaka ishirini. Maana ni kweli, alikuwa hajayaona. Na kama angeyaona, lingekuwa balaa kubwa kuliko wimbo. Mwanamke akisimama mbele ya watu aseme fulani hana kovu gotini, hakuna atakayeuliza habari ya kovu. Wanaume nao hawakuwa na msaada. Mmoja aliwahi kumtania Omrani, "Hebu tuonyeshe alama za vita." Omrani akajishika kanzu kwa mikono miwili kama bikira.

"Goti ni uchi, bwana wee. Kuanzia kitovuni mpaka gotini ni uchi. Mimi ni mtu wa dini."

Wakasema, kweli, mtu wa dini. Ndiyo Bir Safra hiyo. Mtu hajaonekana msikitini tangu Wataliani wafike, lakini magoti yake yalikuwa na swala kuliko imamu.

Tibra akazaa mtoto wa kiume. Kwao, kaka akifa kijana, dada anamrudisha: anampa jina mtoto wake wa kwanza. Tibra akasema, aitwe Shtewi. Masudi akatazama ukuta.

"Nitampenda mtoto huyu," akasema. "Kwa hiyo sitaki aimbiwe kwenye jiwe. Mtoto hajui kutembea, wameshamwambia kashika mlango? Mwite Nuri."

Akaitwa Nuri. Akaja wa pili, maneno yakawa yaleyale, akaitwa kwa jina la babu wa Masudi. Wa tatu hata hakuuliza. Wanawe wote walitembea na majina ya watu wengine, na jina la Shtewi likabaki kwenye mistari miwili, likiokotwa kila harusi kama jungu kuu la kuazima.

Vita vikaja. Wale vipanga waliosalia, baada ya kuvunjwa magoti yote yale wafundishwe kushuka kutoka mbinguni, wakapelekwa vitani kwa miguu. Waingereza wakawakusanya mchangani kama zabibu zilizodondoka. Waliopona wakatawanyika, huyu Misrata, huyu milimani, huyu hajulikani, na hakuna hata mmoja aliyekuja Bir Safra kusimulia. Omrani alikuwa ameshatoroka mapema. Wataliani wakaondoka, Waingereza wakaingia kiwanjani, wakatafuta mlinzi wa lango, na watu wakasema, mchukueni Omrani, anajua ndege. Akapewa koti lenye vifungo. Akawa anasimama langoni anawaeleza Waingereza jinsi ya kutua. Mtu huyo, paa la nyumba yake lilipovuja, aliyepanda kuziba ni mkewe, Zaafrana, na mimba ya miezi saba. Mtende wake mwenyewe alikuwa akiwalipa watu waupande. Alisema ana kizunguzungu cha vitani.

Watu waliyaona yote hayo. Watu wanaona kila kitu. Kujumlisha ndiko wasikotaka, maana Bir Safra ilikuwa imeshapata shujaa wake mmoja, na shujaa wa uongo ni bora kuliko kijiji kisicho na shujaa.

Ukafika mwaka ambao wageni walitoboa jangwa wakapata mafuta. Nuri alikuwa ameoa, na mkewe alikuwa na mimba kubwa. Mwaka huohuo Omrani, tumbo limemtangulia, akaamua kuoa mke wa pili. Msichana mwenyewe alikuwa binti wa Haji Miftahi, mwenye kinu cha kukamulia zeituni, mzee mkali asiyependa maneno mengi. Mzee alikuwa amekataa vijana wawili. Kwa Omrani alikubali, alisema, kwa sababu mtu aliyekabili mauti angani hawezi kushindwa na mke wa pili.

Na shayiri ya harusi ilisagwa wapi? Uani kwa Omrani, kwenye mawe ya Zaafrana. Ndiyo desturi: mke mkubwa anasaga shayiri ya kumkaribishia mke mwenzake, na anatabasamu. Wanaume ndio walioitunga desturi hiyo, inaonekana wazi, hakuna mwanamke ambaye angefikiria ukatili wa namna hiyo bila ya kupata faida.

Siku ya kusaga Tibra akajitanda hauli yake nzuri, ile shuka ya hariri iliyofifia, akamwambia mke wa Nuri, "Wewe kaa, usije ukajifungulia kwenye jiwe."

"Unakwenda kufanya nini, mama? Huwa huendi kwa watu wale."

"Nakwenda kusaga."

Ua ulikuwa umejaa. Zaafrana alikuwa amekaa kwenye jiwe la katikati, uso mkavu, macho yamevimba, anasaga kama mtu anayemponda mtu. Nafasi ya mbele yake ilikuwa wazi. Hakuna aliyetaka kukaa uso kwa uso na mwanamke wa namna ile siku kama ile. Tibra akaketi, akashika mpini. Mikono yao ikazunguka pamoja.

"Umekuja kunicheka?" Zaafrana akauliza kwa sauti ya chini.

"Kukucheka wewe? Miye sijawahi kucheka kwenye nyumba hii."

"Mistari ile sikuitunga mimi."

"Najua aliyeitunga. Yuko chini ya udongo, na namwombea udongo mzito."

Zaafrana akakaribia kutabasamu, akajizuia. Nje ya ukuta ikasikika gilasi zikigongana na sauti ya Omrani ikielea juu ya zote. Chai ilikuwa raundi ya kwanza, ile chungu. Alikuwa anamsimulia Haji Miftahi habari ya mawingu.

Wasichana wakaimba nyimbo za kumsifu bwana harusi, kipanga hivi, kipanga vile. Halafu mmoja, mdogo, asiye na baya, aliyeujua wimbo kama wimbo tu, akaurusha ule wa Shtewi kashika mlango. Wengine wakadakia. Mkubwa mmoja akamtazama Tibra, akatazama pembeni.

Tibra akaendelea kuzungusha jiwe. Akawaacha wamalize, hata wakaurudia. Halafu akaingia, sauti yake imekauka lakini imenyooka kama uzi wa mtande:

*Mruka na parachuti, jina lako tumekiri;*
*ila twauliza goti, kovu lake liko siri?*

Ua ukanyamaza. Hata kuku, watu walisema baadaye, ingawa kuku wale hawakuwahi kunyamaza. Hakusema amemwona mtu magoti. Ameuliza tu. Na kwenye jiwe swali halina kesi, ila lina deni la jibu, na anayedaiwa ni mwenye nyumba. Mwenye nyumba mwanamume yuko nje, haimbi. Kwa hiyo macho yote yakamgeukia mwanamke wake.

Tibra alimtazama Zaafrana usoni. Hawakuwa wamepanga chochote. Lakini katika Bir Safra yote alikuwepo mwanamke mmoja tu aliyekuwa na haki ya kuyajua magoti yale, na Tibra alikuwa amengoja miaka yote hiyo mwanamke huyo akasirishwe vya kutosha.

Zaafrana akazungusha jiwe polepole. Mara moja. Mara ya pili. Akatia konzi ya shayiri kwenye tundu. Kisha akainua kidevu kuelekea ukutani, kule wanaume walikokaa, ili asije mtu akasema hakusikia:

*Goti lake naliosha, laini mithili yai;*
*vumbi halijalichosha, mkeka haulijui.*

Kwanza akacheka ajuza mmoja pembeni, kicheko cha puani. Halafu ua wote ukalipuka, wanawake wakaachia mipini wakashikana mabega. Wasichana wakaudaka wimbo ule ungali moto, wakauimba mara ya pili, ya tatu, *mkeka haulijui, mkeka haulijui*, mpaka shayiri ikamwagika. Kule nje hakuna gilasi iliyogongana tena.

Ndipo sauti ya Haji Miftahi ikasikika, na safari hii wanawake ndio walionyamaza na kujifanya wanasaga.

"Omrani."

"Naam, baba mkwe."

"Baba mkwe bado. Wanasema nini humo ndani?"

"Ah, Haji, wanawake hao. Wivu. Mke mkubwa, unajua tena."

"Najua. Ulituaje?"

"Vipi?"

"Siku uliyoruka. Ulituaje chini?"

"Kwa miguu miwili, nimesimama. Nimeshakwambia."

"Kinu changu kilikuwa na mpagazi mwaka wa kwanza baada ya vita," Haji Miftahi akasema, bila haraka, "mtu wa milimani, alikuwa askari wa mwavuli kama wewe. Hakuweza kupiga magoti kuswali, akaswali amekaa. Nilidhani ni ajali yake peke yake. Kumbe leo naambiwa ni kovu la kazi. Wewe unakwenda rukuu na sijida?"

Ikasikika gilasi ikiwekwa chini.

"Au tuseme, unakwenda msikitini?"

Mtu akakohoa kuficha kicheko.

"Goti ni uchi, Haji," Omrani akasema.

"Kweli, ni uchi. Twende chumbani tufunge mlango, nikutazame mimi peke yangu. Mimi ni mzee, nimeosha maiti wengi wa kijiji hiki, nimeona magoti. Nikikuta kovu moja, hata dogo kama punje ya dengu, binti ni wako leo na mahari nakurudishia nusu."

Tibra alikuwa bado ameshika mpini. Zaafrana mbele yake alikuwa ameacha kujifanya anasaga.

Kisha sauti ya Omrani ikatoka, lakini si ile ya mawingu. Ilikuwa ndogo, ya mtu aliyeshikwa na kuku wa jirani ndani ya kanzu.

"Nilipanda ndege," akasema.

"Tunasikiliza."

"Nilipanda ndege. Siku ya kwanza kabisa ya kuruka. Nilikuwa mbele, Shtewi nyuma yangu. Mlango ukafunguliwa nikaona chini. Nikashika. Mkono haukutaka kuachia, Haji, sikuuambia mimi, mkono wenyewe."

"Ni wewe uliyeshika mlango."

"Ni mimi."

"Na Shtewi?"

"Aliniambia, sogea kidogo, ndugu yangu, unaziba njia. Akanibandua kidole kimoja kimoja, pole pole. Akaniketisha. Akaruka. Mimi wakanirudisha chini na ndege, wakanitia jikoni."

"Alipokuja hapa likizo, hakumwambia mtu?"

"Hakumwambia mtu."

Anakula vizuri, Shtewi alisema, akatema kokwa kiganjani. Tibra akalisikia lile neno kama limesemwa leo. Kaka mjinga. Alimsitiri mbwa kwa shuka yake, mbwa akaitumia shuka kumzikia jina. Hakulia. Alikuwa amejiahidi kwamba uani kwa watu wale hatalia, na shayiri iliyokuwa kwenye jiwe ikasagwa mpaka ikawa vumbi.

Haji Miftahi akasimama, wanaume wake wakasimama naye. Aliyekuwa anakoroga chai alikuwa hajafika hata raundi ya tatu, ile tamu yenye karanga. Kumwacha mtu kabla ya raundi ya karanga, huko kwao ni kumtemea mate bila kulowesha kitu. Harusi ikawa imekwisha. Zaafrana akatazama ile milima ya unga.

"Sasa unga wote huu nitaufanyia nini?" akauliza.

"Nipe mimi nusu," Tibra akasema. "Nina shughuli inakuja."

Mke wa Nuri akajifungua wiki hiyohiyo, mtoto wa kiume, analia kama anadai shamba. Masudi, mzee sasa, mwoga bado, akamchukua mjukuu mikononi kabla mtu hajasema neno, akamwadhinia sikioni. Kisha akamtazama mkewe.

"Shtewi," akasema. "Au unataka jina jingine?"

"Nilisema lini nataka jina jingine?"

Siku ya saba, siku ya kumtangaza jina, watu walipokuwa wanaanza kufika, Omrani akatokea mlangoni. Kichwa wazi, bila kofia wala koti la vifungo, na kamba mkononi, na mwishoni mwa kamba kondoo dume mnene, kama inavyopasa kwa mtu anayekuja kuomba radhi. Nyuma yake wazee wawili wa kumsindikiza, maana peke yake aliogopa.

"Dada Tibra," akasema. "Nimekosa. Maji yamemwagika. Mimi na Shtewi tulikuwa ndugu. Nisamehe, nife salama."

Wazee wakaguna kwa huruma. Mmoja akasema, "Msamaha ni sifa ya wakubwa, binti yangu. Mtu amekuja na miguu yake."

"Kwa miguu yake miwili," Tibra akasema. "Amesimama wima."

Hakuna aliyethubutu kucheka mpaka Masudi alipocheka yeye, akajiziba mdomo.

Tibra akasogea, akaipokea kamba, akampapasa kondoo mgongoni kuona mafuta. Alikuwa kondoo mzuri. Akamkabidhi Nuri.

"Huyu ni wa Shtewi," akasema. "Tunampokea. Wewe hukuja na kitu changu, kwa hiyo sina cha kukupa. Mama yangu ndiye uliyemkosea, nenda kamwombe yeye, unajua alipolala. Na yeye nilivyomjua, hatakupa."

"Dada—"

"Jiwe lilisema miaka ishirini, sikuenda kwa sheikh. Na wewe usinipeleke."

Akaondoka, wazee wakamfuata wakitikisa vichwa, wakatazama nyuma mara mbili tatu kwa sababu harufu ya mchuzi ilikuwa imeshaanza.

Kondoo akachinjwa, jina likatajwa mbele ya watu wote, mara moja asubuhi na mara nyingine wakati wa kula, maana Tibra alitaka na waliochelewa walisikie. Ugali wa shayiri ulipikwa kwa unga wa Zaafrana. Na Zaafrana mwenyewe alikuja, akakaa karibu na Tibra kwenye sinia, wakala kwa mkono bila kuongea sana.

Jioni, ngozi ya kondoo ilipokwisha kupakwa chumvi na kutandazwa juani, Nuri akauliza aiweke wapi.

"Mpelekee Omrani," mama yake akasema. "Mwambie ni laini. Akitaka kujifunza kupiga magoti, aanzie hapo."